Shairi Lisilofungwa: Uchaguzi wa Msomaji kutoka Ndia Kuu hadi Riwaya-Picha ya Kompyuta

Riwaya-picha ya kompyuta ni utanzu uliokua Japani tangu miaka ya 1980. Hadithi husimama mara kwa mara, na msomaji hutakiwa kuchagua jibu au njia. Chaguo lake humfungulia tawi moja na kumfungia jingine. Mwaka 2013 duka la Steam lilianzisha utaratibu wa kuuza michezo ambayo haijakamilika. Kwa utaratibu huo, riwaya-picha huweza kumfikia msomaji ikiwa na sura chache tu, na maoni yake yakaathiri sura zinazofuata. Ni rahisi kuliona jambo hili kuwa geni katika fasihi. Historia ya ushairi wa Mvita inaonyesha vinginevyo.

Ndia Kuu, yaani njia kuu kwa Kimvita, huanzia karibu na Ngome ya Yesu na kupenya Mji wa Kale wa Mombasa. Mazrui waliutawala mji huu hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipoutwaa. Katika enzi yao aliishi Muyaka bin Haji (takriban 1776-1840), aliyetunga juu ya mapenzi, maisha ya kila siku na siasa za mji. Tungo zake kadhaa hazikuwa kauli zilizofungwa, bali mafumbo na changamoto zilizongoja mjibu. Kwa desturi ya kujibizana, mjibu alifuata bahari ya aliyeanza. Lakini mwelekeo wa maana ulikuwa hiari yake. Aliweza kukubali, kukanusha, kulifumbua fumbo au kulifumba zaidi.

Uzito wa hiari hiyo unadhihirika katika mashairi ya Vita vya Kuduhu vya mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilipopambana na Pate na Mombasa. Mashairi waliyopelekeana washairi wa pande hizo yalihaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, yakachapishwa mwaka 1995. Humo jibu si pambo la fani. Ni tendo la kisiasa. Shairi lililokwisha kupelekwa kwa hasimu halikuweza kurudishwa.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya msingi. Mchezaji wa riwaya-picha huweza kuhifadhi mahali alipofika, akajaribu tawi moja, kisha akarudi na kujaribu la pili. Isitoshe, matawi yote huwa yametungwa na waandishi wa mchezo. Yeye huchagua miongoni mwa yaliyokwisha kuandikwa. Mjibu wa Mvita alilitunga tawi lenyewe na kulibeba dhamana yake. Baina ya hali hizi mbili kuna "Mnazi" wa Abdilatif Abdalla, katika *Sauti ya Dhiki* (1973): watu wawili wanagombania mnazi, na mshairi mmoja anazitunga hoja za pande zote mbili. Msomaji huachiwa hukumu, wala si utungo.

Suala hili linagusa uhariri pia. Tungo za Muyaka zilikusanywa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na W. E. Taylor, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. William Hichens akachapisha *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940. Bila juhudi hizo, sehemu kubwa ya tungo hizo ingepotea. Hata hivyo, diwani kwa umbo lake huzipanga tungo chini ya jina moja, na ubeti uliokuwa nusu ya mazungumzo husomwa kana kwamba ni mzima. Anayemfundisha Muyaka bila kuuliza nani alikuwa akiitwa, na jibu gani lingewezekana, hufundisha tawi moja na kuliita mti.

Hatari hiyohiyo inaikabili riwaya-picha. Toleo jipya linapowekwa, la awali aghalabu huondolewa, na pamoja nalo huondoka ushahidi wa jinsi wasomaji walivyoibadili kazi. Mhakiki wa tanzu zote mbili ana wajibu mmoja: kuyatafuta na kuyahifadhi majibu sambamba na utungo uliyoyaita.