Nani Huchonga Kalibu?

Ukisoma historia ya viwanda vya Tanzania utakutana na mawaziri, mashirika ya umma na takwimu za uzalishaji. Fundi wa karakana humwoni. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nimelelewa Mwanza na baba mdogo aliyekuwa mkerezaji wa chuma katika kiwanda kimoja. Pengo hilo nalijua kwa sura na kwa jina.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vinavyotengeneza vitu. Sahani ya bati, bawaba, jembe, kizibo cha soda: vyote hutoka kwenye kalibu, na kalibu lazima mtu aichonge. Ya kukatia bati ina sehemu mbili, ya juu inayopiga na ya chini inayopokea. Kati yake huachwa nafasi ambayo yaweza kuwa nyembamba kuliko unywele. Ikizidi, bati hutoka na kingo chafu. Ikipungua, kalibu hulika mapema. Chuma kikishachongwa hupashwa moto hadi kiwe chekundu, huzamishwa kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto dogo, kwa sababu kikibaki kigumu tu hupasuka.

Kando ya ziwa hili, ujuzi wa moto na chuma haukuletwa na mkoloni. Huko Buzinza, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma hadi Unyamwezi, ambako jembe liliweza kutolewa mahari. Kwenye ufuko wa Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walichunguza mabaki ya tanuri za kale, na mwaka 1978 wakaeleza katika jarida la Science kwamba wayeyushaji wa hapo walikuwa na mbinu ya hali ya juu tangu takribani miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Jembe la bei rahisi kutoka Ulaya ndilo lililowaondoa wafuaji sokoni.

Baada ya hapo, vitu vilianza kufika vikiwa tayari. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba ikaleta vinu vya kuchambulia, na vinu vikahitaji vipuri. MV Victoria iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. Tulipata mashine, kalibu zake zilibaki kwao.

Serikali ya uhuru iliuona upungufu huo. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kuendeleza viwanda vidogo, na mkoani Kilimanjaro kikajengwa kiwanda cha mashine za kukerezea kwa msaada wa Bulgaria. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni ziliadimika, na viwanda vingi vikafanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa vipuri. Hapo ndipo watu kama baba mdogo walipogeuka kuwa nguzo. Aliletewa gurudumu la meno lililovunjika, akahesabu meno yaliyobaki, akapima kipenyo, akachonga jipya. Hakukuwa na mchoro, na kazi ile haikuandikwa popote.

Miaka ya 1990 ubinafsishaji ulipokuja, tathmini ilihesabu majengo, ardhi na mitambo. Ujuzi wa mikono haukuwa na safu kwenye jedwali. Yeye aliondoka na maikromita yake, kifaa cha kupimia, ndani ya kitambaa. Siku hizi anachonga vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, na ana vijana wawili tu wanaojifunza kwake. Macho yameanza kumchoka.

Huwa tunapima maendeleo ya viwanda kwa idadi ya viwanda vilivyofunguliwa. Mimi ningeuliza swali lingine: kalibu ikivunjika leo, itachongwa hapa au itasubiriwa kwa meli? Jibu liko vichwani mwa wazee wa karakana, na tukichelewa kuwahoji, wanahistoria tutabaki na picha za uzinduzi tu.