Kisigino Kilichosingiziwa

Katika masimulizi ya kandanda yanayopokewa barazani, kahawa ikipoa vikombeni, ni machache yaliyotiwa chumvi kama lile la kisigino cha Denis Law. Hunenwa kwamba tarehe 27 Aprili 1974, katika uwanja wa Old Trafford, zikiwa zimesalia dakika chache, Law, aliyevaa jezi ya Manchester City baada ya kuitumikia Manchester United miaka 11, aliupata mpira hali amelipa lango mgongo, akausukuma kwa kisigino ukatinga wavuni, na kwa bao hilo moja akaishusha daraja timu iliyompa utukufu. Bao lilikuwa hivyo hasa, na mfungaji hakuinua mkono wala hakutabasamu. Alikwenda ameinamisha kichwa mithili ya mfiwa mpaka alipotolewa nje, kisha mashabiki wakamiminika uwanjani hata mchezo ukavunjwa na matokeo yakaachwa vile vile. Ama kudai kwamba ndilo lililoishusha United ni kumsingizia mtu: alasiri ile ile Birmingham City iliifunga Norwich City 2-1, na kwa ushindi huo United isingaliokoka hata kama Law angalishinda nyumbani amelala.

Maradhi yenyewe yalikuwa ya siku nyingi. Timu iliyoilaza Benfica 4-1 na kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1968 ilikuwa imezeeka, kocha Matt Busby amekwisha ng’atuka, na Tommy Docherty, aliyekabidhiwa jahazi likivuja, ndiye aliyemwacha Law aende zake bure mwaka 1973. Law naye, kwa kudura, aliichezea Uskoti kwa mara ya mwisho wiki chache baada ya kisigino kile, katika Kombe la Dunia mjini Dortmund, dhidi ya Zaire.

Hivyo United ikaingia Daraja la Pili, isikotia mguu tangu 1938, na wengi walitazamia idhilali. Kinyume chake, watu walizidi: wastani wa watazamaji Old Trafford ulipita 48,000, hesabu ambayo hapakuwa na klabu ya Daraja la Kwanza iliyoifikia. Docherty alikuwa amemnunua Stuart Pearson kutoka Hull City kwa pauni 200,000, na timu ilianza kwa kuwafunga Orient 2-0 huko London, ikashika uongozi wa jedwali. Wala daraja lile halikuwa la wanyonge. Fainali ya Kombe la Ligi, tarehe 1 Machi 1975, ilizikutanisha Wembley timu mbili za Daraja la Pili: Norwich, waliokuwa wamewatoa United katika nusu fainali, na Aston Villa, waliotwaa kombe kwa bao la Ray Graydon, ambaye penalti yake ilipanguliwa na Kevin Keelan ikagonga mwamba, ikamrudia mguuni, naye akaimalizia.

Lakini mchezo ninaouona kuwa kiini cha msimu ule ulichezwa Hillsborough, tarehe 7 Desemba 1974, kati ya United na Sheffield Wednesday. Klabu hii, ambayo sisi tungaliiita Jumatano, kwa kuwa ilizaliwa na chama cha kriketi kilichokuwa kikicheza siku hiyo, si ya kubezwa: iliasisiwa 1867 na imekuwa bingwa wa Uingereza mara nne. Siku ile, walio kileleni na waliokuwa wakizama walifungana 4-4, Wednesday wakitangulia na United wakisawazisha, na katikati ya vurumai hiyo Jim Holton, beki wa kati wa United, pande la mtu ambaye mashabiki walimpenda kwa kutoogopa kugongana, alivunjika mguu. Hakuichezea tena timu ya kwanza ya United.

Baada ya hapo njia ziliachana. Tarehe 5 Aprili 1975, bao la Lou Macari huko Southampton lilitosha kuirudisha United juu. Ikamaliza bingwa kwa alama 61, zama ambazo ushindi ulikuwa alama mbili tu, Villa wakiwa na 58, na Norwich, walioshuka pamoja na United mwaka uliotangulia, wakapanda nao katika nafasi ya tatu. Chini walitumbukia Millwall, Cardiff City, na mkiani kabisa Wednesday, wakiwa na alama 21 na ushindi wa michezo mitano kati ya 42, wakaenda Daraja la Tatu kwa mara ya kwanza tangu kuasisiwa kwao, wasirejee Daraja la Kwanza hadi 1984. Msimu mzima walifunga mabao 29. Manne katika hayo ni yale ya siku moja ya Desemba, dhidi ya mabingwa.