Saa za ufunguo: Vikwazo vya fundi anayeanza

Batha ni mtaa mkongwe wa biashara katikati ya Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia. Siku ya Ijumaa hufurika wafanyakazi kutoka Asia na Afrika, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki, wanaofika kununua mahitaji na kuonana na jamaa zao.

Miongoni mwa bidhaa za mtaa huo ni saa za mkono zisizotumia betri. Nyingine hutiwa ufunguo kwa vidole. Nyingine, kama Seiko 5 iliyoingia sokoni mwaka 1963, hujijaza kwa mtikisiko wa mkono.

Saa ya namna hiyo hupelekwa nyumbani kama zawadi kwa mzazi, na baadaye ikawa urithi. Ndiyo maana inapokwama, wapo wanaotamani kuifungua wenyewe. Aghalabu hapo ndipo inapoharibika.

Inavyofanya kazi

Kamani iliyokunjwa husukuma magurudumu yenye meno. Gurudumu la mizani huyumba huku na huku kwa msaada wa kamani nyingine, nyembamba kama unywele, na kila linapoyumba huruhusu nguvu kidogo tu ipite.

Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza matumizi ya kamani hiyo mwaka 1675. Seiko 5 nyingi za leo hugonga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde.

Kabla ya kufungua

Saa inayokwenda mbio ghafla huenda imeshikwa na sumaku, kwa mfano ya spika au ya kifuniko cha simu. Dira ya kawaida yatosha kuichunguza: sindano ikiyumba karibu na saa, sumaku imo. Huondolewa kwa kifaa maalumu, pasipo kufungua chochote.

Tahadhari nyingine ni kwa saa za kabla ya miaka ya 1970 zenye tarakimu zinazong'aa gizani. Baadhi zilipakwa radiamu, na unga wake ni hatari ukivutwa kwa pumzi.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kung'oa magurudumu kabla ya kuilegeza kamani kuu. Nguvu iliyobaki hufumuka kwa ghafla na kuvunja meno.

La pili ni bisibisi isiyolingana na mfuo wa skrubu. Huteleza na kukwaruza mtambo. Aidha, saa nyingi zina skrubu moja inayofunguka kwa kuzungushwa kulia; anayeilazimisha kushoto huikata kichwa.

La tatu ni vumbi, ambalo ni adha kubwa katika mji wa jangwani kama Riyadh. Chembe moja yaweza kuzuia gurudumu. Kulipuliza kwa mdomo si dawa, kwani mate huleta kutu.

La nne ni mafuta. Ya kupikia na ya injini hayafai kabisa. Hata mafuta ya saa hayasaidii yakitiwa juu ya uchafu wa zamani: sehemu husafishwa kwanza, kisha hutiwa tone dogo mno. Kamani ya unywele haitiwi mafuta, kwani mikunjo yake hugandana na saa ikakimbia.

Mahali pa kuanzia

Anayeanza hushauriwa kununua saa ya bei ndogo ambayo bado inakwenda. Akiifungua, akaipanga upya na ikaendelea kwenda, amejifunza jambo. Isipokwenda, anajua kosa ni lake.

Kila hatua ipigwe picha, na skrubu zipangwe kwa mfuatano zilivyotoka. Vipande vinavyoruka vishughulikiwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha.

Kamani ya unywele ikipinda, kazi hiyo ni ya fundi mzoefu. Kuinyoosha kwa mkono mgeni huzidisha kasoro, na kwa saa ya zamani kipuri chake huenda kisipatikane tena.

Saa ya marehemu baba, kwa hiyo, isiwe ya kwanza kufunguliwa. Iliyosimama miaka kumi yaweza kungoja mwaka mmoja zaidi, hadi mkono uzoee.