Fundi na Hundi ya Serikali

Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliitwa jua kali kwa kuwa walifua bati juani. Wateja wao walikuwa mama anayetaka jiko na mzazi anayetafuta sanduku la mtoto wa bweni. Bei hupatanwa, fedha hulipwa papo hapo. Mwaka 2013 Serikali ya Kenya ilitenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na walemavu. Jambo jema, tena lilichelewa. Lakini bati hununuliwa kwa taslimu, na hundi ya Serikali yaweza kukawia miezi, huku riba ya mkopo ikipanda. Mnunuzi wa jiko moja hana mhuri wala fomu. Jioni fedha yake imekwisha nunua bati la kesho.