Kupokezana Kauli: Kutoka Malumbano hadi Akili Mnemba

Utungo wa kupokezana una sharti moja la msingi: anayejibu awe amesikia. Katika mwambao wa Waswahili sharti hilo ni la kale. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo wakati miji yao ikihasimiana, na kila ubeti ulielekezwa kwa mtu aliyetazamiwa kuupokea na kuurudishia. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi wa Tanganyika uwanja wa kujibizana, hata wale ambao hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Uwanja wa namna hiyo sasa umo pia ndani ya kompyuta na simu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, na kisha Richard Bartle, walibuni mchezo ulioingiwa na watu wengi kwa pamoja kwa njia ya maandishi matupu. Kandokando ya michezo kama huo ilistawi desturi ya kuigiza kwa maandishi: kila mmoja humvaa mhusika wake, huandika aya yake, kisha humwachia mwenzake zamu. Swali lililozuka siku hizi ni hili: aya hiyo ikiandikwa na akili mnemba, je, mchezo ungali mchezo?

Jawabu lake linaweza kutafutwa katika vitongoji vya Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya sanaa kama Muungano, DDC Kibisa na, tangu mwaka 1992, Tanzania One Theatre, vilizunguka katika mabaa na kumbi za jiji, za Kinondoni na Temeke zikiwemo, vikionyesha ngoma, sarakasi, vichekesho na maigizo. Maigizo yale kwa kawaida hayakuwa na maneno yaliyoandikwa. Wasanii walikubaliana juu ya kisa na mfuatano wa matukio, kisha kila mmoja akazua kauli zake papo hapo jukwaani. Ilimbidi mwigizaji amsikilize mwenzake kwa makini, kwani kauli moja iliyokosewa iliweza kuvuruga kisa kizima, na iliyopatikana vyema ilimfungulia mwenzake njia.

Hata hivyo, wasanii haohao hawakuona haya kuazima maneno. Katika taarabu ya mipasho, Khadija Kopa alisimama upande wa Tanzania One Theatre na Nasma Khamis upande wa Muungano, na mashabiki wakagawanyika. Nyimbo za taarabu mara nyingi hutungwa na mtu mwingine asiyeonekana jukwaani. Katika hilo hakuna aliyedanganywa, maana hadhira ilijua kwamba mwimbaji si lazima awe mtunzi. Na kijembe kiliporudishwa, aliyekipokea ni yuleyule aliyesimama kuimba. Maneno yaliazimwa, lakini dhamana yake ilibaki kwa mwenye sauti.

Upo mfano wa pili, nao ni ngonjera, aliyoiendeleza Mathias Mnyampala wa UKUTA baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Humo pande mbili hubishana, na asiyejua hatimaye humkubali ajuaye. Wanafunzi walighani maneno waliyotungiwa, na mwisho wake ulijulikana tangu mwanzo. Ngonjera ilifaa kufundishia, ila haikuwa malumbano, kwani hakuna aliyeweza kushindwa bila kutazamiwa.

Akili mnemba, iachiwapo zamu nzima, huelekea upande huo wa ngonjera. Tangu mwaka 1966, Joseph Weizenbaum alipoitangaza programu yake ya ELIZA, ilidhihirika kwamba mashine yaweza kurudisha kauli ikadhaniwa kuwa imeelewa. Mwaka 2019 ulitokea mchezo wa AI Dungeon, ambamo mashine husimulia na mtu hujibu, na mwishoni mwa mwaka 2022 ilikuja ChatGPT. Programu hizi hupanga neno baada ya neno kwa kufuata mwelekeo wa maneno yaliyotangulia. Kwa hiyo mara nyingi hukubali haraka, hupatanisha mapema, na wakati mwingine humsemea hata mhusika wa mtu mwingine, jambo ambalo wachezaji huliona kuwa utovu wa adabu.

Si haki, basi, kuipiga marufuku kwa kila hali. Kijana wa Tandika au Mwananyamala anayecheza na wageni kwa Kiingereza ana sababu njema ya kuomba msaada wa lugha, kama mwimbaji amwombavyo mtunzi wimbo. Anachodaiwa ni mambo mawili: awaambie wenzake, na ausome mwenyewe ubeti wa mwenzake kabla ya kuujibu. Asipofanya hivyo, mwenzake aliyekesha akitunga atakuwa amemtungia mtu ambaye hakuwapo. Hasara hiyo haiponywi na ufasaha, kwa sababu katika kujibizana, aliyetunga hutunga ili asikiwe.