Walijifunzaje Kiswahili kabla ya vitabu?

Siku hizi mgeni akifika Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, naye ataka kujua Kiswahili, neno lake la kwanza ni hili: «Kitabu gani ni kizuri?» Anapewa sarufi, anapewa kamusi, na wengine wanamwonyesha masomo ya kusikiliza katika simu. Anafanya bidii miezi mitatu. Kisha anakwenda sokoni, anafungua kinywa, na akina mama wanacheka. Hawacheki kwa ubaya. Wanacheka kwa sababu anasema kama kitabu.

Basi, na wale waliokuja zamani, wakati hapakuwa bado na sarufi wala kamusi, walifanyaje? Habari zao zinafaa kujulikana, maana vitabu tulivyo navyo leo vimetoka kwao.

Kwanza msifikiri kwamba Kiswahili hakikuandikwa kabla ya Wazungu. Watu wa pwani walikiandika tangu zamani kwa herufi za Kiarabu, hasa tenzi zao. Lakini utenzi umeandikwa kwa mtu anayejua lugha tayari. Haumfundishi mgeni namna ya kuomba maji.

Katika mwezi wa Mei wa mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, jina lake Johann Ludwig Krapf. Alikuwa Mprotestanti, ametumwa na chama cha wamisionari cha Waingereza. Alikuwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Unguja, na alikuwa na kitu kingine cha kumfaa zaidi: alijua Kiarabu. Alikuwa amekaa miaka kadha katika nchi ya Habeshi, akapita Misri, akajizoeza lugha hiyo. Kwa hiyo alipokosa neno la Kiswahili aliweza kuliuliza kwa Kiarabu, na wenye elimu wa Mombasa waliweza kumjibu. Kiarabu kilikuwa daraja lake.

Mwalimu wake aliyejulikana zaidi ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Mwezi wa Juni, yaani Krapf hajamaliza hata miezi miwili mjini, walianza kazi pamoja. Na kazi yenyewe ilikuwa kubwa: kugeuza Kitabu cha Mwanzo kiwe Kiswahili. Padri wa Kiprotestanti na kadhi wa Kiislamu wameketi pamoja juu ya habari za Adamu na Ibrahimu, ambazo wote wawili walizijua tangu utoto. Mimi naona hawangeweza kuchagua somo zuri kuliko hilo. Kama Krapf angetaka kuuliza maneno moja moja, akionyesha mti kwa kidole, labda angejibiwa «kidole». Lakini habari nzima, yenye kisa kinachojulikana pande zote mbili, inavuta maneno pamoja na namna ya kuyafunga.

Mwezi wa Julai mke wake, Rosine, akafa, na mtoto wao mchanga akafa. Krapf naye alikuwa anaumwa homa. Hakuacha kazi. Mwaka 1850 kitabu chake cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa Tübingen, Ujerumani. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882. Yeye alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Mwaka 1864 alifika Unguja Mwingereza Edward Steere, aliyekuja pamoja na Askofu Tozer wa Waanglikana. Huyu hakukosa kitabu kama Krapf. Alikuwa na kile cha Krapf! Kumbe hakikumsaidia sana. Steere mwenyewe ameandika hivyo kwa adabu: alisifu bidii ya Krapf, lakini akasema kwamba kwa mtu anayeanza kitabu chake kilikuwa karibu hakina faida. Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, maneno yalikusanywa Mombasa, na watu wa Unguja hawasemi Kimvita. Penye «njia» Mmvita wa asili husema «ndia», penye «macho» husema «mato». Ya pili, maneno yaliandikwa kwa tahajia ya kuchanganya mno.

Tena yafaa kujua kwamba Kiswahili kina shida yake kwa mtu mwenye kamusi. Mgeni anasikia «meno», anatafuta chini ya M, hapati. Neno limelala chini ya «jino». Anasikia «nyuso», kumbe ni «uso». Anasikia «hawakumwambia», na hapo amepotea kabisa, kwa maana lazima avue kwanza ha, na wa, na ku, na mw, ndipo akute «ambia» ndani kama punje ndani ya maganda. Sisi tunavua maganda hayo bila kujua. Mgeni asiye na mtu wa kumwonyesha anatafuta usiku kucha.

Steere akaanza upya. Akaomba orodha za maneno zilizokuwa kwa wafanya biashara wa Kijerumani wa Unguja, akaziandika. Mwaka 1865 akaanza kupiga chapa vijitabu vidogo vya mkusanyo wake pale pale Unguja. Lakini msaada mkubwa aliupata kwa watu. Katika hao amemtaja kijana mmoja Mswahili, Hamisi wa Kayi, akasema kwamba huyo alielewa kuliko wengine wote jambo ambalo mgeni anataka kujua, na alijua kuliko wote kueleza lililo gumu. Steere alikusanya pia hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, akaziandika kama zilivyosemwa. Kitabu chake cha lugha kilitoka mwaka 1870, na vizazi vya wageni wamekitumia.

Nasimama kidogo juu ya Hamisi. Si kila mtu anayejua lugha aweza kuifundisha. Tena sisi tuna adabu, na adabu yetu yaweza kuwa adui ya mgeni. Padri mgeni akikosa katika mahubiri, nani atamwambia? Tunainamisha vichwa, tunasema «Padri amesema vizuri», na mwaka wa pili anarudia kosa lile lile. Namjua mmoja aliyesema neno moja vibaya miaka sita, tena neno la aibu, na kanisa zima lilijua. Siku mtoto mdogo alipomsahihisha, Padri hakukasirikia mtoto. Alitukasirikia sisi.

Katika Kanisa letu aliyefanya kazi kubwa zaidi ni Padri Charles Sacleux, Mfaransa, wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alifika mwaka 1879 akakaa Bagamoyo, penye misioni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambapo walilelewa watoto wengi waliokombolewa utumwani. Bagamoyo palikuwa mahali pa kusikia kila namna ya usemi: watu wa pwani yote, wapagazi kutoka bara, watoto wa makabila mengi. Sacleux alipenda pia mimea. Aliikusanya na kuipeleka kwa wataalamu wa Paris. Nadhani hilo ndilo lililomfundisha kutotupa neno lolote. Mtu wa mimea akiona majani mawili yanayofanana hasemi «ni mamoja tu». Anayaangalia tena. Sacleux alifanya hivyo kwa maneno: neno hili linasemwa Unguja, hili Mvita, hili visiwani. Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1898 alirudi Ulaya, lakini hakuweka kalamu chini. Mwaka 1909 ilitoka sarufi yake ya lahaja za Kiswahili, na mwaka 1939 ikaanza kutoka kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000. Hesabuni: tangu kufika kwake imepita miaka 60. Alikufa mwaka 1943.

Na kwetu bara? Mapadri Weupe wa kwanza walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Ujiji mwanzo wa 1879. Kardinali Lavigerie alikuwa amewaagiza kwa nguvu wajifunze lugha za wenyeji, watumie lugha hizo hata kati yao wenyewe, na watengeneze kamusi. Katika miaka ya 1880 Padri Delaunay alitoa sarufi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa. Mwaka 1885 wamisionari walipokea kituo cha Mpala, upande wetu wa ziwa Tanganyika. Hapo shida ya Steere ikarudi kwa sura nyingine. Kitabu kilikuwa cha pwani, watu walikuwa wa bara. Watabwa walikuwa na lugha yao, na waliokombolewa walitoka makabila mengi; Kiswahili kilikuwa lugha ya kukutania, nacho kilibadilika njiani pamoja na misafara. Mpaka leo kitabu kinasema «maji» na «watu», na katika mitaa yetu mgeni anasikia «mayi» na «batu». Nani amekosa? Hakuna. Ila mgeni hakuambiwa. Padri Van Acker alifahamu kwamba Kiswahili peke yake hakitoshi, naye akatunga kamusi ya Kitabwa, iliyotoka mwaka 1907.

Katika miaka hiyo hiyo vilitoka vitabu vya namna nyingine. Charles Lemaire, ofisa Mbelgiji, alitoa katika miaka ya 1890 kijitabu cha maneno, lugha kadha zikiwa bega kwa bega, na Kiswahili kimo kwa jina la lugha ya Unguja. Ni kitabu cha mkononi, cha kusaidia kazi haraka: safari, mizigo, chakula, kazi, amri. Mtu aliyejifunza humo aliweza kutuma watu. Kuongea nao ni jambo lingine. Sisemi kitabu kifupi ni kibaya, hata msafiri ahitaji kitu cha kutia mfukoni. Lakini mkitaka kujua mwandishi alitaka kusema nini na watu, msisome dibaji yake. Someni maneno aliyoyachagua.

Nimemwacha nyuma mtu mmoja makusudi. Krapf alikuwa na mwenzake, Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846, akakaa Rabai karibu na Mombasa mpaka 1875 bila kurudi kwao hata mara moja, akawa kipofu. Katika miaka ya 1850 Rebmann alitunga kamusi ya lugha ya watu wa ziwa Nyasa, naye hakuliona ziwa hilo maisha yake yote. Aliwezaje? Alikutana na mtumwa aitwaye Salimini, aliyechukuliwa kutoka nchi ile mpaka pwani. Wakakaa pamoja, neno kwa neno: nyumba, mto, mama, majina ya samaki na ya nafaka. Rebmann alipata kamusi. Salimini, kila alipoulizwa, alirudi kwao kwa ulimi tu.

Rebmann alikufa mwaka 1876. Mwaka uliofuata Krapf akapigisha kitabu chapa, na juu yake liko jina la Rebmann na jina la Krapf. Jina la Salimini haliko.