Mario atimiza miaka 40, mashabiki waliomfumua bado wanaitwa wezi

Septemba 13, 2025 gemu ya Super Mario Bros. ilitimiza miaka 40 tangu ianze kuuzwa Japan. Nintendo, kampuni yenye makao yake Kyoto, iliipa sherehe yenye hadhi yake, na majina ya waliosanifu gemu hiyo, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, yakarudi tena midomoni mwa watu.

Kuna wengine ambao hawaalikwi kwenye sherehe za namna hiyo. Ni mashabiki waliolifungua tumbo la Mario, wakabadili njia anazopita, maadui anaokutana nao na hata sura yake, bila ruhusa na mara nyingi bila kulipwa hata senti. Kampuni huwaita wavunja sheria. Historia yao, hata hivyo, imeshikamana na historia ya gemu zenyewe kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha.

Kaseti ya Super Mario Bros. ilikuwa na kilobaiti 40 tu, za programu na picha kwa pamoja. Udogo huo ndio uliowavutia wachokonozi. Gemu nzima ni orodha fupi ya namba: hii inasema Mario anaruka juu kiasi gani, ile inasema shimo liko wapi. Ukijua namba ipi inafanya nini, ukaibadilisha, una gemu nyingine.

Wengi waliokulia Afrika Mashariki miaka ya 1990 walicheza gemu zilizochokonolewa bila kujua. Mashine zilizokuwa madukani kwetu ni zile za kuiga Famicom ya Nintendo, pamoja na kaseti zilizodai kubeba gemu 9999999. Ukweli ni kwamba zilikuwa gemu chache zilizorudiwa kwa majina tofauti. Ukichagua jina hili Mario anaanzia hatua ya kwanza, ukichagua lile anaanzia katikati ya safari. Kuna mtu kiwandani aliyekuwa ameshabadilisha namba.

Nintendo ilitangulia

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Nintendo yenyewe ilikuwa ya kwanza kula tunda hilo. Desemba 1986 lilitoka toleo la Super Mario Bros. la kutangaza kipindi cha redio cha Japan, All Night Nippon, ambamo sura za baadhi ya maadui ziliondolewa na kuwekwa za watu maarufu wa huko. Kazi ya aina hiyo, akiifanya shabiki, inaitwa wizi.

Mwaka 1988 ikaja kubwa zaidi. Super Mario Bros. 2 iliyouzwa Marekani haikuwa ya Mario hata kidogo. Ilikuwa Doki Doki Panic, gemu ya mwaka 1987 iliyotengenezwa pamoja na Fuji Television, ikiwa na wahusika wengine kabisa. Nintendo iliwaondoa wahusika hao, ikawaingiza Mario, Luigi, Toad na binti mfalme, kisha ikauza. Wamarekani waliipenda, na wengi hawakujua lolote kwa miaka mingi.

Usiku wa Shreveport

Kisa kitamu kuliko vyote hakikutokea Japan. Kilitokea Shreveport, mji wa jimbo la Louisiana nchini Marekani. Mwandishi David Kushner alikisimulia kwa kirefu katika kitabu chake Masters of Doom cha mwaka 2003, nasi hapa tunafuata nyayo zake.

Septemba 1990 John Carmack alikuwa na miaka 20, mwajiriwa wa Softdisk, kampuni iliyowatumia wateja wake diski za programu kila mwezi. Kompyuta za wakati huo zilitengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu za ofisini. Gemu ya Mario, ambamo dunia nzima hutiririka taratibu kadiri mchezaji anavyokimbilia kulia, zilikuwa haziiwezi, maana zililazimika kuchora skrini yote upya kila mara. Mashine ya Nintendo, iliyouzwa kwa bei ndogo sana kuliko kompyuta, ilifanya kazi hiyo bila jasho.

Carmack akapata ujanja. Skrini igawanywe katika vigae vidogo, kisha kompyuta ichore upya vile tu vilivyobadilika. Kigae cha anga la bluu kikifuatiwa na kingine cha anga la bluu, hakuna cha kuchora, na muda uliookolewa unatumika kwingine.

Usiku mmoja alimwonyesha mwenzake Tom Hall. Hall akatoa wazo: kwa nini wasiinakili hatua ya kwanza ya Super Mario Bros. 3, gemu iliyokuwa gumzo Marekani mwaka huo, usiku huohuo? Wakaiunganisha mashine ya Nintendo na televisheni. Hall akawa anaisimamisha gemu, anachora kigae alichokiona, anaiachia isogee kidogo, anaisimamisha tena. Pembeni Carmack alikuwa akiandika programu. Mahali pa Mario wakamweka Dangerous Dave, mhusika wa gemu ya mfanyakazi mwenzao, John Romero. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kazi ilikuwa imekwisha. Waliiacha diski mezani kwa Romero, wakaenda kulala.

Kazi yao waliipa jina Dangerous Dave in Copyright Infringement, yaani Dave akivunja hakimiliki. Walijua fika walichokuwa wamefanya.

Romero alipofika asubuhi na kuiwasha, kazi nyingine zilimshinda siku hiyo. Kwa maelezo ya Kushner, palepale aliona kwamba maisha yao Softdisk yamefika mwisho. Meneja wao, Jay Wilbur, akashauri waende moja kwa moja kwa mwenye mali. Mwishoni mwa juma vijana wakapakia kompyuta za mwajiri kwenye magari bila kumuaga, wakazipeleka kwenye nyumba waliyopanga kando ya ziwa, na kukesha wakiijenga Super Mario Bros. 3 kwa ajili ya kompyuta, safari hii na Mario mwenyewe ndani yake. Kisha wakaituma Nintendo.

Jibu lilirudi. Kazi ni nzuri, lakini Nintendo haikuwa na haja ya kuingia kwenye soko la kompyuta.

Ingeishia hapo, leo tungekuwa tunasimulia vijana waliopoteza usingizi bure. Badala yake walibaki na ujanja ule, wakaubunia mhusika wao, mtoto mwenye kofia ya mpira wa Kimarekani kichwani, na Desemba 14, 1990 gemu ya Commander Keen ikaanza kuuzwa kupitia kampuni ya Apogee ya Texas. Februari 1991 wakaanzisha kampuni yao, id Software. Miaka miwili na ushei baadaye wakatoa gemu ya Doom.

Doom ilitoka ikiwa imefunguliwa makusudi. Carmack aliziweka picha, sauti na hatua zote kwenye faili la peke yake, mbali na injini ya gemu, ili mchezaji yeyote aweze kuweka za kwake bila kuiharibu. Maelfu walifanya hivyo, na baadhi yao wakaja kuajiriwa kwenye kampuni za gemu. Aliyeonja raha ya kuifumua kazi ya mwenzake hakuona sababu ya kuifungia yake kufuli.

Gemu ile ya majaribio ya Mario, waliyoituma Nintendo, haikuuzwa. Romero aliionyesha hadharani kwa video Desemba 2015, na mwaka 2021 nakala yake ikaingia kwenye Jumba la Makumbusho ya Michezo la The Strong, mjini Rochester, New York. Kazi iliyokataliwa na Nintendo sasa imehifadhiwa kama mali ya historia.

Mahakama yasema hapana

Mwaka uleule wa 1990 Nintendo ilikuwa mahakamani na kampuni ya vinyago ya Galoob, ya California. Galoob ilitaka kuuza Game Genie, kifaa kilichobuniwa na Codemasters ya Uingereza. Kifaa hicho kilikaa kati ya kaseti na mashine. Mchezaji akiingiza herufi kadhaa, namba moja iliyotoka kwenye kaseti ilibadilishwa njiani, na Mario akapata maisha yasiyoisha au akaruka kupita kiasi. Kaseti yenyewe haikuguswa.

Nintendo ilidai huo ni utengenezaji wa gemu mpya kutokana na gemu yake, bila kibali. Kwa karibu mwaka mzima kifaa kilizuiwa kuuzwa Marekani. Julai 1991 Jaji Fern Smith wa San Francisco aliamua kinyume. Aliyenunua gemu kihalali, alisema jaji, ana haki ya kuichezea atakavyo nyumbani kwake, kama msomaji anavyoweza kuruka kurasa za kitabu alichokinunua. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye Mei 1992, na mwishowe Nintendo ikatakiwa kuilipa Galoob dola milioni 15 kufidia hasara ya zuio lile.

Hukumu hiyo ingepaswa kutajwa kila sherehe ya Mario. Ilitamka mapema kabisa kwamba kati ya mwizi na mchezaji mtundu kuna tofauti.

Viraka na mateso

Kompyuta zilipopata programu za kuiga mashine za zamani, katikati ya miaka ya 1990, uchokonozi ulihamia vyumbani mwa watu. Mashabiki walibuni pia njia ya kukwepa kugawa mali ya wengine. Hawasambazi gemu nzima, wanasambaza kiraka, faili dogo lenye mabadiliko tu. Asiye na gemu ya awali kiraka hakimsaidii chochote.

Mwaka 2000 fundi anayejiita FuSoYa alitoa Lunar Magic, programu ya kuhariri hatua za Super Mario World kwa kuziburuta na kuziweka, bila kuhitaji kusoma namba. Hapo mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Mwaka 2007 Mjapani mmoja, T. Takemoto, aliifumua gemu hiyo ili kumtesa rafiki yake: tofali lisiloonekana liliwekwa pale hasa ambapo mtu lazima aruke, ukaligonga, ukaanguka shimoni. Video za mateso hayo zilizunguka dunia na kuzaa aina nzima ya gemu, inayoitwa kaizo, ambayo leo ina mabingwa wake na mashindano yake.

Septemba 2015 Nintendo ikatoa Super Mario Maker, gemu ya kutengeneza hatua zako za Mario na kuwapa wengine wazicheze. Kile mashabiki walichokifanya bure kwa miaka 15 sasa kikauzwa dukani.

Wawili, hukumu mbili

Milton Guasti, wa Argentina, alitumia karibu miaka 10 kuijenga upya Metroid II, gemu ya Nintendo ya mwaka 1991. Aliitoa bure Agosti 6, 2016, siku ambayo Metroid ya kwanza ilitimiza miaka 30. Hazikupita siku nyingi Nintendo ikadai iondolewe. Ilipotajwa kwenye orodha ya kazi za mashabiki katika tuzo za The Game Awards mwaka huo, ikafutwa humo pia. Mwaka uliofuata Nintendo ikauza marudio yake yenyewe ya Metroid II. Guasti naye aliajiriwa na Moon Studios, akawa miongoni mwa wasanifu wa Ori and the Will of the Wisps.

Christian Whitehead, wa Australia, alifanya utundu wa aina hiyohiyo kwa Sonic the Hedgehog wa Sega. Mwaka 2009 alionyesha kwamba injini aliyoiandika mwenyewe inaweza kuendesha Sonic CD kwenye simu. Sega ilimpa kazi. Agosti 2017 yeye na mashabiki wenzake walitoa Sonic Mania kwa idhini kamili ya kampuni, na wahakiki wakaisifu kuliko Sonic nyingi zilizoitangulia.

Sega si malaika. Mwaka 2011 iliizima Streets of Rage Remake, kazi ya mashabiki iliyochukua miaka minane, siku chache baada ya kutoka. Lakini angalau ilijifunza. Nintendo mwaka 2019 ilizima gemu ya shabiki iliyowashindanisha makumi ya wachezaji wa Mario kwa wakati mmoja. Oktoba 2020 ikatoa ya kwake yenye wazo linalofanana nalo, Super Mario Bros. 35, kisha ikaiondoa Machi 2021, miezi sita tu baadaye.

Anayeziharibu kumbukumbu hapo ni nani? Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Zinazoendelea kuchezwa zinadumu kwa sehemu kubwa kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, aliyezifungua, akaelewa zinavyofanya kazi na kuandika alichokiona. Hata kaseti zetu za gemu 9999999 ni ushahidi wa historia, nasi tumeziacha zioze stoo.

Kwa sheria ya Marekani, Super Mario Bros. ya mwaka 1985 itakuwa mali ya umma Januari 1, 2081. Kampuni zina haki ya kulinda mali yao hadi siku hiyo. Lakini baadhi ya watakaoikabidhi gemu hiyo kwa umma ikiwa bado inachezeka ni hao wanaoandikiwa barua za mawakili leo. Nintendo ingeanza kuwaajiri badala ya kuwashitaki, isingekuwa inawafanyia hisani. Ingekuwa inalipa deni.